Mto Mulongwe: ramani ya mmomonyoko wa udongo

Mulongwe unashuka kutoka milima ya Mitumba, unapita Uvira na kuingia Ziwa Tanganyika. Aprili 2020 ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Ramani ya hatari huanzia juu milimani, si kwenye daraja. Picha za satelaiti Sentinel-2 zinaonyesha, kwa kila kipande cha mita 10, kama kuna mimea au udongo mtupu; vipimo vya mwinuko vya mwaka 2000 vinaonyesha mteremko. Huunganishwa na mvua, aina ya udongo na namna ya kulima. Picha ya Septemba, mashamba yakiwa yamelimwa tu, hutisha kuliko ya Desemba. Matuta madogo ya wakulima hayaonekani vizuri. Hayo tunayaona sisi tunaopanda kwa miguu kutembelea makanisa ya huko.