Urithi wa shinikizo la juu la damu

Urithi wa shinikizo la juu la damu ni hali ya mtu kuzaliwa na mwelekeo wa kupata presha ya kupanda kutokana na vinasaba alivyopokea kwa wazazi wake. Kinachorithiwa ni mwelekeo, si ugonjwa wenyewe. Presha huhesabiwa kuwa ya juu vipimo vya kliniki vikirudia kuonyesha 140/90 au zaidi.

Vinasaba
Urithi huchangia takriban asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha kati ya watu. Kwa wagonjwa wengi mamia ya sehemu za vinasaba hushiriki, kila moja ikiongeza kidogo. Ni nadra jeni moja kutosha, kama katika ugonjwa wa Liddle, uliopewa jina la daktari Mmarekani Grant Liddle aliyeueleza mwaka 1963: figo hushikilia chumvi kupita kiasi, na presha hupanda mapema, mara nyingi tangu ujana.

Mazingira
Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, ukiwalinganisha na waliobaki. Presha ya wahamiaji ilipanda ndani ya miezi michache. Uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi kulinganisha na potasiamu. Asili ilikuwa ileile. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Udhibiti
Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo inaingiza chumvi iliyomo ndani ya mkate, ng'onda na viungo vya mchuzi vya pakiti. Mboga za majani, kunde na matunda huongeza potasiamu, ingawa mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki, kupunguza uzito na pombe, na kuacha tumbaku huulinda moyo na mishipa.

Upimaji
Presha mara nyingi haina dalili, hivyo mtoto wa mgonjwa apimwe hata akijiona mzima. Anayepimwa hukaa kimya dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, mkono ukiwa usawa wa moyo. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa kipimo kimeshuka, maana huenda ni dawa hizo zilizokishusha.