Mtunya: Njaa Iliyoanzia Kwenye Daftari la Posho

Vita Kuu ya Kwanza katika ardhi yetu husimuliwa kwa majina ya makamanda: Paul von Lettow-Vorbeck kwa Wajerumani, Jan Smuts na Jacob van Deventer kwa Waingereza. Lakini katika Ugogo, kuanzia Mlali na Kongwa hadi Mpwapwa na Dodoma, jina zito zaidi la zama hizo ni la njaa: Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kuwa iliua watu 30,000 kati ya 150,000 hivi, yaani mmoja katika kila watano. Anayetaka kuelewa vifo hivyo asianzie kwenye mizinga. Aanzie kwa afisa ugavi, yule mwenye kuhesabu magunia, ng'ombe na wapagazi, kwa kuwa kalamu yake ndiyo iliyoifikia kila kaya, hata ile ambayo haikusikia mlio wa bunduki.

Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini na manowari za Waingereza. Meli mbili tu za shehena, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, ndizo zilizopenya. Kwa hiyo jeshi lao lilipaswa kulishwa na nchi yenyewe. Kazi ya kusimamia njia za ugavi alipewa Jenerali Kurt Wahle, mstaafu aliyekuja mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, vita ikamkuta huku. Ugogo, yenye mifugo mingi na reli iliyofika Dodoma mwaka 1910, ilikuwa ghala la karibu. Ng'ombe na nafaka vikachukuliwa. Kisha van Deventer akaja kutoka kaskazini. Alifika Kondoa Aprili 1916 katikati ya masika, farasi wake wakifa njiani na askari wake wakishinda na njaa kwa sababu chakula hakikuweza kuwafuata kwenye tope. Julai 29 aliingia Dodoma. Watu waliokwisha kutoa kwa jeshi moja wakatakiwa kutoa tena kwa jeshi la pili.

Ubaya wa ugavi huo unaonekana kwenye hesabu yake. Ndorobo waliua wanyama wa kubeba, hivyo mzigo ukawekwa kichwani mwa binadamu. Mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga, akila kilo moja kwa siku, akienda siku kumi na mbili na kurudi siku kumi na mbili, amemaliza karibu mzigo wote yeye mwenyewe. Kadiri jeshi lilivyosonga mbali na reli, ndivyo lilivyohitaji wapagazi zaidi na chakula zaidi cha kuwalisha. Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita nzima. Karibu 100,000 walikufa, wengi kwa maradhi na lishe mbovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Wapo watakaosema kuwa Mtunya ilisababishwa na ukame. Ni kweli kwamba mvua zilikuwa haba. Lakini Ugogo haikuanza kuujua ukame wakati huo. Wagogo walikuwa na kinga zao: akiba ya mtama na uwele, ng'ombe wa kubadilishana na nafaka kwa majirani, na vijana wa kulima upya mvua iliponyesha. Akiba ililiwa na askari, ng'ombe waliswagwa, vijana walikwenda kubeba mizigo. Ukame uliikuta nyumba ambayo nguzo zake zimekwisha kung'olewa.

Wengine watamtetea afisa: alitii amri, na jeshi lazima lile. Hoja hii ina uzito, kwani askari asiyelishwa hupora, na uporaji ni mbaya kuliko makato yaliyopangwa. Lakini inamwondolea afisa sehemu iliyo ngumu zaidi ya kazi yake. Ujuzi wake ni kujua kiasi, na anayejua kiasi cha kuchukua anaweza pia kujua kiasi cha kuacha: mbegu, mtamba, kijana mmoja wa kushika jembe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Ugogo wageni walikuja mara mbili, na mwenyeji akaangamia, kwa kuwa daftari lilihesabu kilichoingia ghalani bila kuuliza kilichosalia nyumbani.

Leo Kongwa inajulikana kwa soko la mahindi la Kibaigwa, na Dodoma ina maghala ya akiba ya taifa. Nafaka bado inakusanywa, inapimwa na kusafirishwa, na wenye kuisimamia ni warithi wa kazi ileile. Heshima yao isipimwe kwa wingi wa magunia yaliyofika ghalani peke yake. Ipimwe pia kwa kihenge cha mkulima wa Mlali: baada ya lori kuondoka, kimebaki na cha kumfikisha mavuno yajayo?