Kuwinda bukini shambani: Angalia haya kabla ya kununua maficho ya kulala

Nafaka ikishavunwa North Dakota au Saskatchewan, shamba hubaki wazi, hakuna kichaka cha kujificha. Bukini wanashuka kuokota punje zilizobaki, na wakiwa juu wanaona kila kitu.

Ndiyo maana wawindaji wa Marekani na Kanada hulala chali ndani ya maficho maalumu: fremu iliyofunikwa turubai, yenye milango miwili kifuani.

Unataka kununua? Angalia haya:

Kimo: Yakiwa chini zaidi, kivuli kinapungua. Jua la asubuhi hurefusha kivuli, na hicho ndicho huwashtua ndege.

Ukubwa: Usiyajaribu ukiwa na fulana tu. Lala ndani na koti la baridi na buti, kisha inuka ghafla. Ukikwama, achana nayo.

Uzito: Alumini ni nyepesi kuliko chuma. Utaliona hilo ukivuka tope gizani.

Sakafu: Iwe haipitishi maji, la sivyo utalala kwenye baridi.

Mikanda: Iwe mingi, ya kuchomekea mabua ya shamba hilohilo.

Turubai jipya hung'aa. Lipake tope, liache likauke, kisha lipige brashi.

Usalama je? Mtutu utokeze nje, usielekee miguu yako wala mwenzako. Usifungue kizuizi cha risasi mpaka umeketi wima, na piga upande wako tu. Ndege atarudi kesho. Mwenzako hana roho ya akiba.