Batli: Kutoka Chomboni hadi Seva ya Barua

Batli si neno geni. Mabaharia wetu waliita hivyo daftari la mwenendo wa chombo. Waingereza huliita kwa jina la gogo, maana zamani mwendo ulipimwa kwa kutupa baharini ubao uliofungwa kamba. William Bourne alieleza desturi hiyo kitabuni mwaka 1574.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunga programu ya Sendmail ya kupelekea barua za elektroniki, na pamoja nayo Syslog ya kuandikia matukio. Matukio hayo yana ngazi 8: tangu 0, ya hatari kuu, hadi 7, ya kuchunguzia makosa. Barua isipofika, fundi hufungua batli: namba 450 huonyesha kizuizi cha muda, na 550 kukataliwa kabisa. Yakiandikwa ya hatari kuu tu, chanzo cha kosa hufichika. Ngazi ya 7 ikiachwa siku nyingi, maandishi huweza kujaza diski hata seva isipokee barua.

Baadhi ya wafasiri hutumia “kumbukumbu”. Lakini neno hilo tayari limebeba maandishi ya mikutano na uwezo wa kukumbuka. Fundi akiagizwa “afute kumbukumbu”, afute nini? Twaona heri batli: ni neno letu, fupi, na limetoka katika kazi ile ile lilikotoka la Kiingereza.