Jina na Ujira: Waandishi wa Hollywood na Vyombo Vipya

Ni ada ya watunzi wa mwambao kulitaja jina katika beti za mwisho za utenzi, ili asomaye baada ya miaka mia ajue ni nani aliyeyafuma maneno yale. Kutaja huko ni dai la mwenye kazi juu ya kazi yake. Huko Hollywood, katika jimbo la California, Marekani, waandishi wa filamu wamelipigania dai hilohilo kwa takriban miaka tisini, wakaliongezea la pili, nalo ni ujira. Historia ya mapambano hayo ina funzo lijirudialo: kila kilipozuka chombo kipya cha kuipeleka sanaa kwa watu, suala la nani mwenye neno lilifunguliwa upya, na aliyechelewa kuiandikisha haki yake aliandikiwa na mwenziwe.

Waandishi hao walianzisha chama chao mwaka 1933, mwaka ambao studio zilikata mishahara kwa sababu ya dhiki ya uchumi. Sheria ya kazi ya 1935 iliwapa wafanyakazi haki ya kujadiliana kwa pamoja na waajiri wao, na mwaka 1938 chama kikatambuliwa rasmi. Lakini kabla hakijakomaa, siasa iliingia nyumbani. Mwaka 1947 kamati ya Bunge la Marekani iliwaita watu wa filamu kuwahoji juu ya ukomunisti. Kumi walikataa kujibu, wakafungwa, na milango ya kazi ikafungwa mbele yao na mbele ya wengine wengi. La kusikitisha zaidi, mwaka 1952 chama chenyewe kiliridhia studio zifute katika filamu majina ya waandishi waliokataa kujitakasa mbele ya kamati.

Walioandamwa waliendelea kuandika kwa majina ya kubuni, kwa malipo yaliyo sehemu ndogo tu ya yale waliyoyazoea. Mwaka 1957 tuzo ya Oscar ilitolewa kwa mtu aitwaye Robert Rich, naye hakutokea kuipokea, kwani hakuwapo duniani. Kalamu ilikuwa ya Dalton Trumbo. Jina lake mwenyewe lilirudi katika filamu mwaka 1960, kwa Spartacus na Exodus. Aliyenyimwa jina hakukawia kupunjwa ujira. Mambo mawili haya hayajapata kutengana.

Mwaka huohuo wa 1960 chombo kipya kilikuwa televisheni. Studio zilikuwa zikiviuzia vituo filamu zao za zamani, na waliozitunga na kuziigiza hawakupata kitu. Waandishi waligoma Januari, waigizaji wakafuata Machi, kiongozi wao akiwa Ronald Reagan. Migomo hiyo ilizaa mifuko ya pensheni na matibabu, na sehemu ya mapato kila filamu ionyeshwapo tena. Hata hivyo waigizaji walikubali kuachia malipo ya marudio kwa filamu zilizotangulia 1960, na badala yake mifuko yao ikapewa dola milioni 2.25 kwa mkupuo. Baadhi ya wakongwe walinung'unika kwamba kazi za ujana wao zimeuzwa. Huyo Reagan, alipokuwa Rais wa Marekani, aliwafukuza kazi mwaka 1981 zaidi ya waongoza ndege 11,000 waliogoma.

Kisha ikaja kanda ya video. Studio zilidai kuwa biashara ile ni changa na gharama za kuzitengeneza kanda ni kubwa, hivyo asilimia 20 tu ya mapato ndiyo ihesabiwe katika kumlipa mwandishi. Mwaka 1985 waandishi waligoma wiki mbili, wakagawanyika, wakakubali. Gharama zilishuka, biashara ikanenepa, kanda ikaipisha DVD, lakini hesabu ile ilibaki palepale. Lililokubaliwa katika uchanga wa biashara lilidumu hata utu uzima wake.

Kidonda hicho ndicho kilichowaamsha mwaka 2007, intaneti ilipoanza kupeleka filamu majumbani. Dai la kuongezewa malipo ya DVD waliliondoa mkesha wa mgomo, wakashikilia la intaneti. Waligoma siku 100, kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, wakaingizwa katika hesabu ya chombo hicho kingali kichanga. Walichopata kilikuwa kidogo, lakini mlango haukufungwa.

Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wapatao 11,500 waliweka kalamu chini tena. Safari hii, pamoja na malipo ya intaneti, palikuwa na akili bandia, mashine iwezayo kupanga maneno kwa kuyaiga yaliyokwisha kuandikwa. Waandishi walipotaka mipaka, studio ziliwajibu kwanza kwa kuwaahidi mkutano wa kila mwaka wa kuzungumzia maendeleo ya teknolojia. Julai waigizaji wakajiunga. Vyama viwili hivi havikuwa vimegoma pamoja tangu 1960. Maseremala, washoni na madereva wa studio, wasio na neno katika ugomvi ule, walikosa riziki nao.

Mgomo wa waandishi ulikwisha tarehe 27 Septemba, baada ya siku 148. Mkataba ulitamka kuwa mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, kwamba mwandishi asilazimishwe kuitumia, na kwamba akipewa maandishi yaliyotokana nayo sharti aambiwe. Hapo dai la kale la jina lilipata ulinzi mpya.

Suala moja halikukatwa: maandishi ya zamani yanayolishwa mashine ili ijifunze. Chama kilijihifadhia tu haki ya kulipinga jambo hilo, na mkataba ulipangiwa kumalizika tarehe 1 Mei 2026. Filamu za kabla ya 1960 ziliachiliwa kwa mkupuo, na video ikakubaliwa kwa hesabu pungufu. Maneno yaliyokwisha kuliwa na mashine yamo katika mizani hiyohiyo, na wenyewe bado hawajatajiwa bei wala jina.