Tarehe 4 Januari: mpira, ubaguzi na uhuru

Kila tarehe 4 Januari tunapumzika kazi kwa kuwakumbuka mashahidi wa uhuru. Wengi wetu hatujaelezwa kwamba siku hiyo inahusu pia mpira wa miguu.

Wakati wa ukoloni, Mzungu na Mweusi hawakuishi mtaa mmoja. Mpira nao uligawanywa. Kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Wazungu walikuwa na ligi yao na Weusi yao. Mwaka 1954 Léon Mokuna aliondoka Léopoldville, yaani Kinshasa, akachezea Sporting ya Lisbon. Mwaka 1957 akaingia timu ya Gent, Ubelgiji. Wabelgiji walimpigia makofi, lakini ndugu zake nyumbani walikuwa wangali chini ya mkoloni.

Marekani ilikuwa vivyo hivyo. Jackie Robinson, mtu Mweusi, aliingia ligi kubwa ya besiboli mwaka 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers, baada ya miaka karibu 60 ya Weusi kufungiwa mlango. Lakini sheria kubwa ya kukataza ubaguzi ilikuja mwaka 1964, baada ya watu kuandamana, kushitaki na kufungwa.

Kwetu, Jumapili ya tarehe 4 Januari 1959, wakubwa wa Léopoldville walikataza mkutano wa ABAKO, chama cha Joseph Kasa-Vubu. Watu wakakasirika. Mashabiki waliotoka kutazama Vita Club katika uwanja wa Roi Baudouin, leo Tata Raphaël, wakaungana nao. Askari wakafyatua risasi, makumi ya watu wakafa. Tarehe 13 Januari mfalme Baudouin akaahidi uhuru, nao ukapatikana tarehe 30 Juni 1960.

Mpira ulikusanya watu; haki waliidai wenyewe, na wengine walilipa kwa damu.

Hapa Goma, mtoto wa mkimbizi wa ndani na mtoto wa mwenyeji wakicheza pamoja, hakuna anayeuliza kabila kabla ya kutoa pasi. Tusiwafundishe kuuliza. Lakini anayeletea familia zilizokimbia vita mipira asidhani amemaliza: zinahitaji usalama, masomo, na njia ya kurudi kwao. Uwanja wetu mkubwa unaitwa Stade de l'Unité, uwanja wa umoja. Umoja huo ufike hata nje ya geti lake.