Mawe Yetu Mnayapeleka Wapi?

Siku moja ya kiangazi, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, nilikuwa narudi nyumbani kwa njia ipitayo kando ya marundo ya mawe ya mgodi wetu wa Kipushi. Niliwakuta hapo vijana saba, wavulana na wasichana, wanafunzi wa chuo kikuu waliotoka Lubumbashi, mwendo wa kilomita 30 hivi. Mmoja alishika nyundo, mwingine dira, mwingine kioo cha kukuzia. Wengine waliandika katika madaftari yao, kisha wakatia mawe katika mifuko midogo yenye namba.

Mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, tangu mgodi haujafungwa mwaka 1993, alisimama akiwatazama. Halafu akawauliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga: "Batoto, ayo mawe yetu munapeleka wapi?"

Vijana walicheka kidogo, kwa heshima. Kijana mwenye nyundo akajibu, "Baba, tunayapeleka shuleni. Tunataka kujua yametoka wapi na ndani yake mna nini." Mzee akasema, "Vema. Na mkiisha kujua, mtakuja kutuambia?" Hapo hakuna aliyejibu.

Tangu siku ile swali hilo halinitoki moyoni. Nimeona ni swali la zamani sana, lililo katika historia yote ya nchi yetu ya shaba. Basi leo tulifuate pamoja tangu mwanzo.

Wazee waliokula shaba

Kabla Mzungu hajafika Katanga, babu zetu walijua kusoma ardhi. Walikuwa hawana vitabu, lakini walitazama kilima kisicho na miti mikubwa, wakatazama majani yake, wakajua kwamba chini kuna mukuba. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, walikwenda kuchimba jiwe la kijani. Walijenga tanuru kwa udongo wa vichuguu, wakachoma makaa ya miti migumu, wakavuta mivukuto hata shaba ikatiririka kama maji. Shaba nyingine waliimimina katika vifinyango vyenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo haikuwa alama ya dini yetu. Ilikuwako kabla ya wamisionari. Watu waliitumia kama fedha, tena waliwazika wafu wao pamoja nayo.

Kazi hiyo ni ya kale kuliko wengi wetu tunavyodhani. Karibu na Lubumbashi, mahali paitwapo Naviundu, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta masalio ya kuyeyusha shaba. Tarehe zilizochapishwa mwaka 1984 zaonyesha kwamba watu waliyeyusha shaba hapo yapata karne ya 4. Ndiyo karne ya Mtakatifu Augustino! Alipokuwa yeye mtoto kule kaskazini mwa Afrika, huku kwetu moto wa tanuru ulikuwa umewashwa.

Mmoja wa watu walioiandikia kazi hiyo makala ya kujulikana alikuwa mtu wa Kanisa: Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, mmonaki Mbenedikto, mkuu wa misioni ya Katanga. Mwaka 1926 alichapisha habari za "wakula shaba wa Katanga". Tumshukuru, maana wale wazee wangekufa na maarifa yao. Lakini tazama, makala yake ilichapishwa kwa Kifaransa, katika gazeti la Wabelgiji. Wajukuu wa wale wayeyushaji hawakuisoma. Maarifa yalitoka kijijini yakaenda mbali.

Maua na mawe yenye majina ya wageni

Mambo ya mimea yalikwenda vivyo hivyo. Mwalimu Walter Robyns alikuwa wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, katika Ubelgiji, chuo kilichoanzishwa kwa ruhusa ya Papa Martino V mwaka 1425. Mwaka 1932 aliandika juu ya mimea ya viwanja vya shaba vya Katanga. Iko mimea midogo ya ukoo wa mrehani, iitwayo na wataalamu Haumaniastrum, ambayo yapenda udongo wenye shaba unaoua mimea mingine. Mmoja wapo alioueleza Robyns unaitwa Haumaniastrum robertii, kwa heshima ya Maurice Robert, mtaalamu wa miamba.

Baadaye walimu wa Lubumbashi waligundua jambo la ajabu. Mmea wa ndugu yake, Haumaniastrum katangense, huota si juu ya vilima vya shaba tu, bali hata mahali ambapo wazee waliyeyushia shaba zamani, kwa sababu udongo wa hapo ulichanganyika na takataka za tanuru. Basi mtafiti akiona maua hayo mengi mahali pamoja, huchimba, na mara nyingine hukuta tanuru ya kale. Ua dogo limekuwa shahidi wa kazi ya babu zetu.

Sasa tuje kwenye mawe ya hapa kwetu. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kuchimba Kipushi katika miaka ya 1920, na mgodi ukaitwa Prince Léopold. Walichimba shaba na zinki, kwanza juu ya nchi, kisha chini kabisa. Mwaka 1948 mtaalamu wa kampuni, J. F. Vaes, alieleza jiwe jipya lililotoka hapa, lenye germani ndani yake. Aliliita renieriti, kwa jina la Armand Renier, mtaalamu wa miamba wa Ubelgiji. Mwaka 1965 likatajwa jiwe jingine la Kipushi, briartiti, kwa jina la Gaston Briart. Kwa hiyo katika vitabu vya mawe vya dunia nzima, Kipushi imeandikwa. Nimewauliza watoto wa katekisimu kama wamepata kusikia majina hayo. Hakuna hata mmoja aliyenyosha mkono, nao huenda shule wakikanyaga vumbi la mgodi huo kila asubuhi.

Sisemi hayo kwa uchungu. Mtu aliyefanya kazi ya kutafuta astahili heshima yake. Nasema tu kwamba kwa muda mrefu mwenye nyundo na daftari alikuwa mgeni, na mtu wa hapa alikuwa mbeba mfuko.

Mtoto wa Kipushi kwenye Mlima Amba

Mwaka 1954 lilitokea jambo jipya. Kanisa, likisaidiwa na Leuven, lilifungua chuo kikuu juu ya Mlima Amba, karibu na mji ulioitwa wakati ule Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Kikaitwa Lovanium, ndilo jina la Leuven kwa Kilatini. Mkuu wake wa kwanza alikuwa padri, Monsinyori Luc Gillon, naye alikuwa mtaalamu wa fizikia. Mwaka 1959 akaweka hapo tanuri ya atomi, iliyoitwa TRICO, ya kwanza katika Afrika yote. Haikuwa ya vita. Ilikuwa ya kufundishia na kufanyia utafiti. Twakumbuka kwamba urani ya Shinkolobwe, katika Katanga yetu hii, ilikwisha kutumika kwa mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Nchi iliyotoa jiwe la kutisha vile ilistahili kupata hata chumba kimoja ambamo watoto wake wajifunze nguvu iliyomo ndani ya jiwe hilo.

Mwaka 1967 Monsinyori Gillon alimwachia kazi padri Mkongo. Wasomaji wa Kipushi, mwajua alizaliwa wapi? Alizaliwa hapa Kipushi, tarehe 24 Aprili 1933. Ni Tharcisse Tshibangu, aliyepewa upadri mwaka 1959, akawa mtaalamu katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na baadaye Askofu wa Mbujimayi mpaka mwaka 2009. Alifariki mwaka 2021. Alipokuwa bado mwanafunzi wa teolojia, mwaka 1960, alijadiliana hadharani na mwalimu wake, padri Alfred Vanneste, juu ya swali hili: je, Mwafrika aweza kuwa na teolojia yenye sura ya Kiafrika? Yeye alisema aweza. Kwangu mimi, swali lile na swali la mzee wetu wa Kipushi ni ndugu. Yote mawili yauliza kama elimu itapita juu ya vichwa vyetu, au itakaa nasi.

Miaka yake ya uongozi haikuwa rahisi. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi walioandamana mjini Kinshasa, na wengine wakafa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium walitiwa jeshini kwa nguvu. Mwaka ule ule serikali ilichukua Lovanium ya Wakatoliki, chuo cha Waprotestanti cha Kisangani, na chuo cha serikali cha Lubumbashi kilichofunguliwa mwaka 1956, ikavifanya chuo kimoja cha taifa. Mkuu wake akawa yule yule Monsinyori Tshibangu, mpaka mwaka 1981 vilipotengwa tena kuwa vyuo vitatu.

Kanisa lilipoteza chuo chake, na wengi walisikitika. Hata hivyo katika mpango ule masomo ya miamba yaliwekwa Lubumbashi, yaani karibu na migodi. Mwanafunzi wa mawe akaweza kutoka darasani asubuhi, akafika shimoni kabla ya jua kali. Ndiyo sababu hata leo twaona vijana wenye nyundo kando ya njia zetu.

Elimu ya miguu

Labda mmoja atauliza, kwa nini wasisome vitabuni tu? Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alitujibu zamani. Alikuwa Mdominiko na askofu, akafa mwaka 1280. Alipotaka kuandika juu ya madini hakutosheka na maneno ya wakale. Alisafiri mbali mpaka mahali pa migodi, akaona kwa macho yake. Mwaka 1941 Papa Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa wote wanaojifunza elimu ya viumbe.

Kitabu chaeleza jiwe lilivyo. Mahali penyewe paonyesha lilivyolala, limepakana na nini, maji yapita wapi. Tena mahali penyewe pana watu. Mzee mchimbaji ajua upande ambao mwamba ulikuwa mgumu, na upande ambao maji yaliingia. Mwanafunzi asiyemsalimu mzee huyo ameacha nusu ya somo njiani.

Siku hizi utafiti wenyewe umegeuka: hawapimi mawe tu, wapima na miili yetu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wataalamu wa Leuven, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Waliona kwamba waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia walikuwa na madini mengi mwilini, hasa kobalti, na watoto walizidi wakubwa. Kiasi hicho cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyokwisha kuandikwa kwa watu wasio wafanyakazi wa viwandani.

Hapo, ndugu zangu, swali la mzee si mchezo tena. Jiwe likichukuliwa lisirudi, tumepoteza jiwe. Lakini mtoto akipimwa, na mama yake asiambiwe jibu, ataendelea kuchezea vumbi lile lile na kunywa maji yale yale. Elimu iliyonyamaza kwa namna hiyo yakosa upendo, hata kama ni kweli tupu.

Tufanye nini?

Mgodi wa Kipushi umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Bila shaka wanafunzi na watafiti watazidi kuja. Kwanza, tuwapokee vizuri. Wasiitwe wachawi wala wapelelezi kwa sababu wameinama kuokota mawe. Pili, tuwaambie kweli tunayoijua, kwa kuwa uongo wetu utaandikwa na kuwadanganya wengine. Tatu, tuwaulize bila woga: jibu mtalileta lini, na kwa lugha gani? Ukumbi wa parokia upo, na Jumapili baada ya Misa watu wapo.

Nanyi wanafunzi, hasa mliobatizwa, msione haya kurudi na karatasi moja ya Kiswahili chepesi. Miezi minne baada ya siku ile, yule kijana mwenye nyundo alirudi peke yake. Alileta kipande cha jiwe kilichokatwa na kung'arishwa, akamwazima mzee kioo cha kukuzia. Mzee alitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Hili nalijua. Tulilipakia kwenye vigari miaka mingi. Sikujua kama lina jina."

Kijana akamwambia jina lake. Mzee akamtuma mjukuu wake alete kiti, akaanza kumweleza yeye naye mambo ya chini ya ardhi yasiyoandikwa. Kijana akafungua daftari.